Vitabu vya sauti vya bure na hazina ya Ukambani

KITABU cha sauti ni kitabu kilichosomwa na kurekodiwa ili kisikilizwe. Kwa asiyeona, kwa mzee ambaye macho yake yamefifia na kwa yule ambaye hakujaliwa kwenda shuleni, sauti hiyo ndiyo mlango wa maktaba.

Mradi mashuhuri wa vitabu vya aina hii ni LibriVox, ulioasisiwa Agosti 2005 na Hugh McGuire jijini Montreal, Canada. Wasomaji wake hujitolea bila malipo. Anayetaka kushiriki hutuma kwanza rekodi ya takriban dakika moja ili ubora wa sauti ukaguliwe. Lafudhi yake si kikwazo. Baadaye huchagua sura na kuisoma bila kubadilisha neno. Mtu mwingine huisikiliza na kuikagua, kisha rekodi huhifadhiwa katika Internet Archive, ambako yeyote aweza kuipakua na kuigawa.

Vinavyosomwa ni vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha. Nchini Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 hulinda kitabu kwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mwandishi. LibriVox nayo hufuata sheria ya Marekani, ambayo imeachilia huru vitabu vilivyochapishwa zaidi ya miaka 95 iliyopita.

Kwa wakazi wa Kitui na Makueni, kanuni hizo si jambo la mbali. Johann Ludwig Krapf alifika Kitui mwaka 1849, akakaribishwa na Kivoi, mfanyabiashara mkuu wa misafara, na Desemba 3 mwaka huo akauona Mlima Kenya. Masimulizi yake ya Kiingereza yalichapishwa London mwaka 1860. Injili ya Marko aliyoitafsiri kwa Kikamba ilitoka mwaka 1850. Msomi wa Uswidi, Gerhard Lindblom, aliyefariki 1969, alichapisha mwaka 1916 utafiti mpana kuhusu mila za Wakamba. Maandishi hayo yote sasa ni mali ya umma, ila nakala zake husomwa zaidi vyuoni kuliko vijijini.

Yapo mambo mawili ya kuzingatiwa. Kwanza, tafsiri mpya ya kitabu cha kale ina hakimiliki yake, hata kama kitabu chenyewe hakina. Pili, hadithi na nyimbo za jamii hulindwa na sheria ya 2016 kuhusu maarifa na sanaa za jadi. Anayemrekodi mzee akisimulia na kunuia kuuza sauti hiyo hana budi kupata idhini ya jamii kwanza.

Vifaa si vingi: kompyuta, kinasa sauti na chumba kisicho na mwangwi. Mvua ikipiga mabati, kazi husubiri. Kwa lugha kama Kikamba huhitajika angalau watu wawili, mmoja wa kusoma na mwingine wa kukagua.

Saa moja ya sauti huchukua takriban megabaiti 58. Kwa hiyo ni nafuu kupakua kitabu mara moja penye intaneti ya bei rahisi, kisha kukisambaza kwa kadi ya simu hadi kwa nyanya aliye kijijini. Sheria hairuhusu hivyo kwa vitabu vingi vya dukani. Kwa hivi, inaruhusu.