Manda za Metali

Pipa hubingirishwa, mkeka huviringishwa, chapati husukumwa. Mfasiri aliyechoka huvitia vitendo hivi vyote chungu kimoja akifika kwenye kiwanda kinachopitisha metali kati ya rola mbili mpaka iwe nyembamba, na mara nyingi huandika "kuviringisha". Kuviringisha kupo kiwandani humo, ila huja mwisho, utepe ukishakuwa tayari na kuzungushwa kama jora la kitambaa. Kinachotendeka kati ya rola ni kusukuma: unene unapungua, urefu unazidi. Wala tusikimbilie "kufua". Mhunzi akifua chuma tunasikia nyundo, na rola haina nyundo, inabana tu.

Ukishakubali kusukuma, jiko linakukopesha na mengine. Donge la unga likisukumwa mno hukaza na kurudi nyuma, na mpishi hulifunika lipumzike. Metali nayo hukaza kila ipitapo chini ya rola. Ukiilazimisha, kingo hupasuka. Basi hutiwa tanuruni, ikapashwa moto mpaka ilegee, ndipo irudi kazini. Mimi nasema "kupumzisha", ingawa najua unga hupumzika penye ubaridi na metali hupumzika motoni.

Shida ni jina la kile kinachotoka. Dukani tunauziana bati kwa geji, na geji huenda kinyumenyume: geji 30 ni nyembamba kuliko geji 28. Huku kwenye wembamba wa kweli watu hupima kwa mikroni, elfu moja katika milimita. Wembe wa kunyolea una kama mikroni 100. Foili ya jikoni, kama 16. Wenye alumini wameweka mpaka wa foili kwenye milimita 0.2. Wangu uko sikioni: ukitikisa kikanguruma, ni bati, kikichakarika, ni karatasi. Ndiyo maana tunasema "karatasi ya foili" bila haya, na hamna karatasi hata chembe.

Katika aloi zote, ninayoipenda kwa jina lake ni Invar. Charles Édouard Guillaume, mwanafizikia wa Uswisi, aliigundua mwaka 1896: chuma, na nikeli kama asilimia 36. Joto la kawaida karibu haliirefushi, na kazi yake juu ya aloi za namna hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1920. Jina limekatwa kutoka neno la Kifaransa lenye maana ya "isiyobadilika". Lakini ingawa joto haliiwezi, rola zinaiweza: leo husukumwa mpaka ikawa nyembamba kuliko unywele, ikatobolewa vitundu vya kupitishia rangi za vioo vya simu. Kwa kazi za namna hii kuna mashine aliyoibuni Tadeusz Sendzimir, Mpolandi. Rola inayogusa metali ni nyembamba, nayo peke yake ingepinda. Kwa hiyo nyuma yake husimama mbili, nyuma ya hizo tatu, kisha nne. Juu kumi, chini kumi.

Na foili ya jikoni? Hapo ndipo nilipocheka peke yangu. Mpishi wa sambusa wa pwani hasukumi manda moja moja, zingechanika. Huvipaka mafuta vidonge vichache, akavinyunyizia unga, akavipanga na kuvisukuma kwa pamoja. Huvipitisha kikaangoni, kisha huzibandua manda zingali moto, akipuliza vidole. Kiwanda cha alumini hufanya vivyo hivyo katika mpito wa mwisho: karatasi mbili zimelaliana, mafuta katikati, rola juu na chini. Zikibanduliwa, uso uliogusa rola hung'aa, na ule uliomlalia mwenzake hutoka umefifia. Watu hubishana mezani ni upande upi ugusane na samaki. Huo uliofifia ni ubavu tu ambao manda moja iliulaza juu ya nyingine.