Nakala Iliyo Karibu



Katika shule ya ualimu tuliyosoma, kitabu cha historia kilikuwa kimoja kwa darasa zima, nacho kilikaa kwa mwalimu. Mtihani ulipokaribia, wanafunzi walijaa mlangoni pake, na wengi walirudi bila kukiona. Hatimaye tulikubaliana kila bweni linakili sura zake katika madaftari, na msongamano ukaisha. Hatukujua kwamba tatizo la namna hiyohiyo lingekuja kuwashughulisha wataalamu wakubwa wa hisabati huko Marekani.

Mwaka 1995 Tim Berners-Lee, aliyebuni mfumo wa tovuti, aliwaeleza wenzake wa chuo cha MIT shida aliyoiona inakuja: watu wengi mno wakiitaka habari ileile kwa wakati mmoja kutoka kompyuta moja, kompyuta hiyo huelemewa, na wote hukosa. Tom Leighton, profesa wa hisabati, alilichukua suala hilo, na baadaye akaungana naye mwanafunzi wake, Daniel Lewin. Jibu lao lilikuwa kutawanya nakala katika kompyuta nyingi zilizo karibu na watumiaji. Ugumu haukuwa katika kunakili. Hata sisi bwenini tulinakili. Ugumu ulikuwa katika kuamua, kwa kila anayeomba, ahudumiwe na kompyuta ipi, ilhali njia nyingine zimejaa na mashine nyingine zimezimika. Mwaka 1998 walianzisha kampuni waliyoiita Akamai, neno la Kihawaii lenye maana ya mwenye akili.

Fedha zilikuja kwa kasi ya kutisha. Tarehe 29 Oktoba 1999 hisa ya Akamai iliingia sokoni kwa dola 26, na jioni ya siku hiyo ilikuwa imepita dola 145. Mwaka 2002 hisa hiyohiyo iliuzwa chini ya dola 1. Katikati ya anguko hilo, tarehe 11 Septemba 2001, Lewin alipanda ndege iliyotoka Boston kwenda Los Angeles, ile ya kwanza kugongeshwa jengo mjini New York. Alikuwa na umri wa miaka 31. Siku hiyo mamilioni ya watu walizikimbilia tovuti za habari kujua kilichotokea, na wenzake, wakiwa katika msiba, walikesha wakihakikisha kwamba habari hizo zinafika. Njia aliyoichora ndiyo iliyobeba habari za kifo chake. Kampuni haikufa, ingawa wengi waliitabiria hivyo.

Kwetu Afrika Mashariki umbali ulikuwa na sura nyingine. Katika miaka ya 1990, barua pepe kati ya ofisi mbili za Nairobi zilizotumia kampuni tofauti ilipanda kwa satelaiti, ikavuka bahari, kisha ikarudi. Ni kama ndagala waliovuliwa hapa Makobola wapelekwe kwanza Bukavu, halafu warudishwe wauzwe kwa jirani wa mvuvi! Mwishoni mwa mwaka 2000 kampuni za intaneti za Kenya zilifungua kituo cha kubadilishana mawasiliano, KIXP. Kampuni ya simu ya taifa, iliyokuwa na haki ya pekee juu ya mawasiliano ya nje, ililalamika, na baada ya wiki chache serikali ikakifunga. Kilifunguliwa tena Februari 2002. Mwaka 2011 Google iliweka nakala zake Kenya, na kampuni nyingine zikafuata. Mwaka 2012 takriban asilimia 30 ya mawasiliano ya intaneti nchini humo yalipatikana hukohuko ndani. Kufikia mwaka 2020 yalikuwa asilimia 70.

Nchi yetu ilipata kebo yake ya kwanza ya baharini mwaka 2013, huko Muanda, kwenye Atlantiki, upande wa pili kabisa wa Kongo ukitazama kutoka ziwani kwetu. Lakini jambo linalotugusa zaidi sisi walimu limo katika hesabu yenyewe. Hifadhi ya karibu hutunza kile kinachoombwa na wengi. Anayeomba kwanza hungoja kitoke mbali. Wanaomfuata hukipata haraka. Kisichoombwa tena hufutwa ili kingine kipate nafasi. Kwa hiyo mchezo wa mpira wa Ulaya hukaa karibu, na somo la kusoma kwa Kibembe, linalotafutwa na walimu wachache, husafiri safari yake ndefu karibu kila mara.

Mmoja wetu hununua mega za usiku, ambazo bei yake ni nafuu, na kupakua masomo ya juma zima. Asubuhi, kabla ya kengele, walimu humzunguka uwanjani na kuyanakili kutoka simu yake kwa Bluetooth, mmoja baada ya mwingine, wa mbali zaidi wakitangulia kwa sababu wana safari.