Rangi Isizibe Mishono

Tarehe 22 Aprili 1876, Mtemi Mirambo wa Urambo alikutana na Henry Morton Stanley katika mji wa Serombo, nchi ya Ushirombo, na wawili hao wakachanjiana udugu. Mkutano huo umesimuliwa mara nyingi. Jambo lililosimuliwa kwa uchache ni kwamba msafara ule, uliotoka Buganda na Karagwe kuelekea Ujiji, ulikuwa na mashua nzima ndani ya mizigo yake. Ushirombo, ambayo leo ni makao ya Wilaya ya Bukombe katika Mkoa wa Geita, haina bahari wala ziwa. Mashua ilipita pale mabegani mwa watu.

Jina lake Lady Alice. Iliundwa Teddington, kando ya mto Thames, na James Messenger, kwa mbao za mwerezi wa Kihispania, vipande vitano vya kufunga na kufungua. Urefu wake ulikuwa futi 40, upana futi 6, na unene wa ubao milimita 9 na nusu tu. Vipande vilipofika Unguja vilionekana vizito kupita kiasi kwa bega la mpagazi, akatafutwa seremala wa kuvipunguza. Kisha mashua ikazunguka Ziwa Viktoria mwaka 1875, ikapandishwa tena mabegani, ikazunguka Ziwa Tanganyika mwaka 1876, ikateremka mto Kongo, na mwishowe ikaachwa juu ya jabali karibu na maporomoko ya Isangila, mwishoni mwa Julai 1877. Wengi wa watu walioibeba hawakurudi kwao.

Chombo kilichoachwa juani hakidumu. Anayetaka kukiona tena hana budi kukiunda kwa mfano mdogo, na hapo ndipo linapozuka suala la rangi. Waandishi wa safari hupenda vipimo: futi, ratili na siku za mwendo. Rangi huiacha, kwa kuwa kila mtu aliiona. Waonaji wakishaondoka, rangi huwa kumbukumbu ya kwanza kupotea.

Pwani inalijua fumbo hili kwa mtepe. Chombo hiki cha visiwa vya Lamu, kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari na kusukumwa na tanga la mkeka, kilitoweka katika miaka ya 1930. Tangu hapo watu wamekijua kwa picha chache, maandishi ya wageni, na vyombo vya mfano vilivyohifadhiwa katika makumbusho. Mwaka 2003 mafundi waliunda mtepe upya huko Unguja, ukaitwa Shungwaya, ukawekwa Beit al Ajaib. Sehemu ya jumba hilo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na kila mtu akakumbushwa kwamba hata kumbukumbu iliyojengwa kwa mawe inaweza kuanguka siku moja. Kwa hiyo kijitepe cha kuwekwa juu ya meza si pambo. Ni shahidi, na shahidi haifai avikwe nguo isiyo yake.

Nguo ya vyombo vya kwetu ilikuwa ya kazi kabla ya kuwa ya urembo. Chini ya mstari wa maji kilipakwa deheni, yaani chokaa iliyopondwa na shahamu, ili mchango wa baharini usitoboe mbao. Juu yake zilipakwa sifa, mafuta ya ini la papa, ili jua lisipasue ubao. Weupe wa deheni ni wa chokaa, mzito na usiong'aa. Wekundu wa sifa ni wa mti ulioshiba mafuta. Rangi za urembo zilitengewa omo na tezi, mahali pa nakshi na macho. Anayepaka chombo cha mfano rangi nyeupe ing'aayo kama kikombe cha kauri amekipendeza, lakini amekiondolea kazi yake.

Hata rangi iliyo sahihi huharibu ikipakwa vibaya. Mfano hupungua kwa kipimo, rangi haipungui. Lady Alice ikiundwa kwa moja ya ishirini na nne, urefu wake ni sentimita 51, na ubao wake hauzidi milimita 0.4. Tabaka nne za rangi ya kawaida hufika milimita 0.2, nusu nzima ya ubao. Ni kana kwamba mashua ya kweli ilikandikwa udongo.

Kwa hiyo mwenye kujua huanza kwa msasa laini na kitambaa cha kufuta vumbi. Huzimua rangi hadi iwe kama maziwa, hupaka tabaka nyembamba, na hungoja ya kwanza ikauke kabla ya kuleta ya pili. Mstari wa maji huuzibia kwa utepe, kisha huubandua rangi ingali mbichi kidogo ili ukingo usimeguke. Akitaka mti uonekane hutumia mafuta ya kitani, yanayokauka, wala si ya nazi, yasiyokauka kamwe. Nyeusi huichanganya na nyeupe kidogo, kwa sababu chombo kikubwa hutazamwa kutoka mbali na hewa iliyo katikati hufifiza rangi zake; weusi mtupu juu ya mfano mdogo huonekana kama shimo.

Uangalifu wote huo una shabaha moja: rangi isizibe mishono. Katika mtepe, mshono ndio chombo chenyewe. Kila tundu la kamba ni alama ya mkono wa fundi ambaye jina lake halikuandikwa. Katika Lady Alice, mstari wa kiungo kati ya kipande na kipande ndio historia yote ya Ushirombo. Bila viungo vile, mashua ile ingekuwa kama mashua nyingine za mto Thames. Kwa viungo vile ilivuka mbuga na misitu ya Usumbwa juu ya mabega ya watu. Rangi nzito ikifukia mstari huo, inamfukia mpagazi mara ya pili.

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Walisema kwa kulaumu, lakini mpaka rangi wa vyombo vidogo anaweza kuligeuza neno lao likawa wasia. Kipande cha mti kilichomo ndani ndicho kilichobebwa. Rangi na iwe nyembamba kiasi cha kumwezesha mtazamaji kuuona mti, aone pia mahali ulipoungwa, na aulize ni nani waliobeba.