Athari ya Mpemba

Athari ya Mpemba ni hali ambapo maji ya moto, yakiwekwa ndani ya friza pamoja na maji ya baridi ya kiasi kilekile, huganda kabla ya yale ya baridi. Haitokei kila mara. Wataalamu hawajakubaliana juu ya sababu yake, na baadhi yao wanakana kwamba ipo. Jina limetokana na Erasto Mpemba, Mtanzania aliyeiona mwaka 1963 akiwa mwanafunzi wa sekondari.

Historia

Mwaka huo Mpemba alisoma kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, mkoani Tanga. Wanafunzi walizoea kujitengenezea askirimu: walichemsha maziwa, wakachanganya na sukari, wakayaacha yapoe, ndipo wakayaweka katika friza. Nafasi ilikuwa ndogo, hivyo ilikuwa ya kugombaniwa. Siku moja mwenzake aliweka maziwa yasiyochemshwa ili awahi. Mpemba, akiogopa kukosa trei ya mwisho, aliingiza yake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake yalikuwa bado majimaji mazito.

Mwalimu wa fizikia alimjibu kwamba amechanganyikiwa. Hata hivyo rafiki yake aliyekuwa akiuza askirimu mjini Tanga alimwambia kuwa naye huweka mchanganyiko wa moto ili ugande upesi. Watu wa biashara walikuwa wanalijua jambo ambalo darasani lilikataliwa.

Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya kidato cha tano, aliuliza tena wakati wa somo la kanuni ya Newton ya kupoa. Aliambiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya watu wote, na darasa likaugeuza msemo huo kuwa utani kila alipokosea. Mpemba hakunyamaza. Alipokuta maabara ya biolojia iko wazi, alichukua bika mbili za sentimita za ujazo 50, moja ya maji ya bomba na nyingine ya maji ya moto, akaziweka katika friza. Baada ya kama saa moja, ile ya maji ya moto ilikuwa na barafu zaidi.

Baadaye Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (wakati ule kikiwa chuo kishiriki) alitembelea shule hiyo kutoa mhadhara. Mpemba alimwuliza swali lake mbele ya wote, wenzake wakacheka. Osborne hakulidharau, alirudi Dar es Salaam na kumwagiza fundi wa maabara alijaribu. Fundi aliripoti kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, akaongeza kuwa wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education, na ndani yake Osborne alionya juu ya hatari ya fizikia inayofundishwa kwa amri. Mpemba mwenyewe hakuwa mwanafizikia. Alisomea uhifadhi wa wanyamapori katika chuo cha Mweka, karibu na Moshi.

Aristotle, Francis Bacon na Descartes waliwahi kugusia jambo hili karne nyingi kabla.

Maelezo ya kifizikia

Ugumu wa swali unaonekana kwa hesabu ndogo. Kilo moja ya maji ya nyuzi 30 za selsiasi hupoteza kilojuli 126 hivi ili ifike nyuzi 0; ya nyuzi 90 hupoteza 378. Kisha zote mbili hupoteza kilojuli 334 nyingine ili ziwe barafu, bila halijoto kushuka. Hilo huitwa joto fiche. Maji ya moto yana safari ndefu zaidi, tena ni lazima yapitie nyuzi 30 njiani. Kama halijoto peke yake ingeamua, yasingeweza kutangulia. Kwa hiyo inatafutwa tofauti nyingine ambayo maji hubaki nayo baada ya kuwa ya moto.

Dhana ya kwanza ni mvuke: maji ya moto hupungua, na kilichobaki ni kidogo. Osborne alipima upungufu huo akaona hautoshi. Dhana ya pili ni sakitu, yaani barafu laini inayoota ndani ya friza. Sakitu ina hewa nyingi, hivyo hupitisha joto vibaya. Chombo cha moto huiyeyusha na kugusana vizuri na sakafu yenye ubaridi, ilhali cha baridi hukaa juu yake kama juu ya godoro. Dhana hii inafaa kwa friza nyingi za majumbani, lakini Osborne aliweka bika zake juu ya povu gumu la plastiki, na bado za moto zilitangulia.

Yeye aliegemea mzunguko wa maji ndani ya chombo. Maji ya moto hupanda, hivyo sehemu ya juu hubaki na joto zaidi na kulitoa hewani kwa kasi. Alipofunika uso wa maji kwa tabaka jembamba la mafuta, kuganda kulichelewa kwa saa kadhaa. Katika vipimo vyake, maji yaliyochelewa kuliko yote kuanza kuganda ni yale yaliyoanzia nyuzi 25 hivi. Hayo hayako mbali na maji ya bomba ya mwambao, kuanzia Tanga hadi Likombe, Mtwara.

Dhana nyingine ni kwamba maji huweza kushuka chini ya nyuzi 0 bila kuganda mpaka yapate mahali pa kuanzia, kama vumbi au mkwaruzo katika chombo. Hapo bahati huingia, na matokeo ya siku moja hayarudi kesho.

Ubishi

Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha vipimo ambavyo havikuonyesha athari yoyote ya maana. Walieleza kwamba kuhamisha kipimajoto sentimita moja tu juu au chini ndani ya maji kunaweza kubadili jibu. Tena watafiti hawapimi kitu kimoja: wengine huhesabu barafu ya kwanza kutokea, wengine chombo kizima kuwa kigumu. Mwaka 2020, hata hivyo, Avinash Kumar na John Bechhoefer wa Canada walionyesha athari ya namna hii bila barafu kabisa, kwa kutumia punje ndogo mno ndani ya maji, na jina la Mpemba sasa hutumika pia kwa mifumo ya aina hiyo.