Kipande cha Shingoni

Misafara ya zamani ilipotoka hapa Tabora kwenda pwani ililipa hongo kwa watemi, wala mpagazi hakuulizwa hati. Kenya, toka 1920 hivi, kila mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuchukua kipande, akikitia katika kikopo cha bati shingoni kama kengele ya mbuzi. Asiyekuwa nacho alikamatwa.

Harry Thuku alikipinga, akatiwa ndani Machi 14, 1922. Watu wakakusanyika penye kituo cha polisi Nairobi. Machi 16 viongozi waliwaomba watawanyike. Ndipo Mary Muthoni Nyanjiru, mwanamke huyo, akapandisha nguo yake, akawataka wanaume wampe suruali zao! Wakasonga mbele. Polisi wakapiga bunduki. Serikali ilihesabu maiti 21. Muthoni alikuwa mmoja wao. Kipande kikabaki shingoni miaka mingi.