Benson Wanjau na Mzee Ojwang: Mwigizaji Nje ya Historia ya Tamthilia

Historia ya tamthilia ya Kiswahili nchini Kenya aghalabu huandikwa kwa kufuata vitabu. Mhakiki hutaja Kilio cha Haki cha Alamin Mazrui (1981), akafika Natala ya Kithaka wa Mberia (1997), na baina ya viwili hivyo akajaza tamthilia zilizotahiniwa shuleni. Mwendo huo una mantiki yake, kwani kitabu husomwa tena. Hata hivyo, umemwacha nje ya ua mtu ambaye yamkini Wakenya wengi walimsikia akiigiza kwa Kiswahili kuliko walivyopata kusoma tamthilia yoyote: Benson Wanjau, aliyejulikana kote nchini kama Mzee Ojwang.

Wanjau alipata umaarufu katika miaka ya 1980 kwa kipindi cha Vitimbi, kilichoonyeshwa na Sauti ya Kenya, shirika ambalo mwaka 1989 liligeuzwa kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya. Hadi kituo cha KTN kilipoanza mwaka 1990, mtazamaji wa runinga hakuwa na pengine pa kugeukia. Kwa hiyo ukubwa wa hadhira yake kwa kiasi fulani ulitokana na ukiritimba, na si haki kuuhesabu wote kuwa ushindi wa sanaa. Lakini ukiritimba huweza kumfanya mtu atazame. Hauwezi kumfanya acheke. Tena vituo vilipoongezeka, jina la Mzee Ojwang halikufifia.

Jambo linalostahili kuzingatiwa zaidi ni matamshi. Wanjau alikuwa Mkikuyu. Ojwang Hatari, mhusika wake, alikuwa Mjaluo, na Kiswahili chake kilibeba lafudhi ya Kijaluo. Kijaluo hakina sauti /sh/ wala /z/, na mzungumzaji wake anapojifunza Kiswahili ukubwani huelekea kuweka /s/ mahali pa zote mbili. Mwigizaji wa lafudhi ya wengine hujikuta kwenye wembe: akizidisha, anadhihaki kabila zima, akipunguza, mhusika anapotea. Wanjau aliimudu kazi hiyo kiasi kwamba watazamaji wengi hawakujua kuwa jina la Ojwang halikuwa lake. Mbele ya Mama Kayai, mkewe wa kwenye kioo, aliyeigizwa na Mary Khavere, lafudhi hiyo ilikuwa ya mume anayetaka kutii na kutiiwa kwa wakati mmoja, wala si kitambulisho cha kabila pekee.

Wapo wanaoshikilia kwamba futuhi za aina hii ziliwafunga wahusika katika vijaluba vya kikabila. Jina kama Masanduku arap Simiti, katika kipindi hichohicho, laweza kutolewa kuwa ushahidi. Hoja hiyo ina uzito. Mhusika anayetambulishwa kwa lafudhi huwa mwepesi kubaki bapa, na kicheko chake huzoesha masikio kupanga watu kwa matamshi yao. Nchi iliyoona, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, jina la mtu likitosha kumhukumu haina ruhusa ya kulichukulia jambo hilo kuwa mzaha mtupu. Lakini wanaotoa hoja hii husahau kuuliza nani aliyekuwa ndani ya vazi. Kwa miaka mingi Mkikuyu alikubaliwa sebuleni mwa Wajaluo akiwa mzee wao, na Wakikuyu wakampenda kwa jina la Kijaluo. Dhana ya kijaluba peke yake haitoshi kuueleza ukweli huo.

Umaarufu haukugeuka kuwa akiba. Wanjau alipofifiwa na macho uzeeni, ni umma uliomchangia fedha za matibabu. Alifariki tarehe 12 Julai 2015 katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, akiwa na umri wa miaka 78, na waliotangaza kifo chake walilazimika kutaja majina yote mawili ili wasikilizaji wajue ni nani aliyekufa.

Kwa mtafiti, tatizo linalobaki ni la matini. Tamthilia iliyochapishwa humpa ukurasa wa kunukuu. Vitimbi humpa kanda, na humtaka kwanza anakili mazungumzo, aweke alama za lafudhi, vituo vya kimya na mitupo ya mikono, ndipo aanze kuhakiki. Kazi hiyo ni ya kuchosha, na idara za fasihi zimezoea kuwaachia wanaisimu.