Pacha wa Marehemu

Mwaka 1836 wachapishaji wa London, Chapman and Hall, walikuwa wakitafuta mtu wa kuandika maneno ya kusindikiza picha. Mwenye jina alikuwa mchoraji, Robert Seymour, aliyetaka kuchora vituko vya watu wa mjini wanaojitia wawindaji na wavuvi. Maneno akapewa ripota wa gazeti, kijana wa miaka 24, Charles Dickens. Kila mwezi kitoke kijitabu chenye jalada la kijani, bei shilingi moja. Msuko haukuwapo. Palikuwa na klabu, bwana mnene mwenye miwani aitwaye Pickwick, na tarehe ya kupeleka kazi mtamboni.

Kabla toleo la pili halijatoka, Seymour akajiua. Picha zikapunguzwa kutoka nne hadi mbili, maneno yakafika kurasa 32, na yule msindikizaji akawa ndiye mwenye shughuli. Mauzo yalikuwa yakisuasua, nakala mia chache tu. Kisha Julai, toleo la nne, uani kwenye nyumba ya wageni ya White Hart, akatokea mpiga rangi viatu mwenye mdomo, Sam Weller. Watu wakampenda. Dickens akamfanya mtumishi wa Pickwick na hakumwacha tena mpaka hadithi ilipokwisha Novemba 1837, mauzo yalipokuwa yamefika nakala 40,000.

Waandishi vijana hunipigia mfano wa kisa hiki: ukimwacha mhusika aende atakako, atakufikisha. Mimi nakisoma kwa jicho la aliyewahi kushika ukurasa wa hadithi za mfululizo katika gazeti la wiki, Dar es Salaam, miaka ya tisini. Kazi ililetwa usiku wa kuamkia kuchapa, imeandikwa kwa kalamu kwenye daftari la shule, na mwandishi anasubiri mlangoni alipwe. Mmoja wao alimtumbukiza mhusika wake baharini kutoka kwenye pantoni la Kigamboni. Baada ya wiki mbili tatu akaona hadithi haisogei bila yeye. Kumfufua hakukuwezekana: maiti ilikwisha kutambuliwa hospitali ya Muhimbili, katika toleo ambalo watu walilinunua, wakaazimana, wakafungia maandazi. Basi akazuka pacha wake kutoka Tanga. Barua za hasira zilikuja, na gazeti likanunuliwa vilevile.

Anayeandika leo bila mpango anaweza kurudi sura ya kwanza akafuta. Wale wa mfululizo hawakuwa na pa kurudi, na hilo ndilo lililowanoa kuliko uhuru wowote wanaosifiwa nao.

Dickens naye ana pacha wake. Mwaka 1840, katika jarida lake la wiki, The Old Curiosity Shop ilianza kama kisa kifupi, msimulizi akiwa mzee Master Humphrey. Wasomaji walipoona jarida halina riwaya ya kuendelea wakaanza kulikimbia, naye akakirefusha kisa. Mzee sasa akawa mzigo, maana msimulizi wa namna ile hawezi kuwamo katika kila chumba chenye maneno. Dawa yake ilikuwa kumwagiza aage. Mwisho wa sura ya tatu mzee anajitoa, anawaachia wahusika waendelee wenyewe, haonekani tena. Kitabuni bado yumo, anaaga.

Miaka michache baadaye mauzo ya riwaya yake Martin Chuzzlewit yalipolegea, Dickens akampakia mhusika wake Martin melini kwenda Marekani.

Kuanzia riwaya ya Dombey and Son, 1846, mambo yakabadilika. Kwa kila toleo alichukua karatasi, akaigawa pande mbili: kulia sura zitakazoandikwa, kushoto maswali ya kujiuliza, naye akijijibu ndiyo, hapana, au bado. Karatasi hizo zimehifadhiwa London, katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert. Ila hata hapo hakujifunga kamba. Alikuwa amemweleza rafiki yake John Forster kwamba kijana Walter Gay ataharibikiwa polepole, mwema ageuke mtu wa ovyo. Matoleo yakasonga, Walter akapelekwa baharini, meli ikazama, akadhaniwa amekufa. Akarudi mzima na tabia yake njema, akamwoa Florence Dombey.